Alt na Shift

Wajdi, fundi wetu, aliiwekea kompyuta yangu ya ofisini toleo jipya la programu bila kuniuliza. Miaka kumi na tisa natafsiri hati za mahakama hapa Tunis, nabonyeza Alt na Shift kuhama kutoka Kifaransa kwenda Kiarabu, macho kwenye karatasi. Jana niliinua kichwa baada ya kurasa tatu: Kiarabu chote kilikuwa herufi za Kilatini, takataka tupu!

“Vitufe vya kubadili lugha si hivyo tena, dada Munjia,” Wajdi akacheka. “Jifunze vipya.”

“Nani aliviomba? Bibi yako?”

Kwa hasira nikamwandikia bosi malalamiko kwa Kiarabu, vidole vikienda kwa mazoea, nikatuma bila kutazama.

Akajibu papo hapo: “Munjia, nenda nyumbani ukapumzike.”