Bati Lililonyooshwa

Nilikunja kushoto, nikakunja kulia. Mkanda wa bati ulipata joto vidoleni mwangu, lakini haukukatika. Mwalimu Mwaura akatazama saa. Nyokabi, mwenyekiti wa wazazi, akacheka.

"Mama Ndunge, umekuja kutuonyesha mazoezi ya mikono?"

Asubuhi hiyo, kwenye maabara ninakofanya kazi mjini, mashine ilikuwa imekunja na kukunjua mikanda kama huo, ikaikata kabla chai yangu haijapoa. Mikanda ya aina hiyo ndiyo iliyofunga paa la darasa la Ndunge kule Mutuini. Ndunge, ambaye sasa amenipita kimo, alikuwa gredi ya tatu. Fundi aliing'oa mikanda hiyo kwenye nyumba iliyobomolewa Kitisuru, akainyoosha kwa nyundo, akaipaka rangi. Shule ikamsifu kwa kubana matumizi. Mkubwa wangu wa kazi aliuvuta mmoja kwa mashine nyingine, ukashikilia, akasema uko sawa. Lakini upepo hauvuti tu. Hulinyanyua paa, hulibwaga, hulinyanyua tena. Bati lililokunjwa likanyooshwa huonekana zima. Uchovu wake uko ndani.

Nilimweleza Mwaura yote haya. Nililia pia, na mimi si mtu wa kulia.

"Hiyo kitu haivunjiki," alisema kwa upole. "Si umejionea? Mtihani ni wiki ijayo. Kama unaogopa, chukua wako uende."

Nikamchukua wangu. Nyuma yetu wenzake walianza kuimba jedwali la kuzidisha. Mikaratusi ya shamba jirani ilikuwa ikiinama, ikiinuka.

"Mama, Mutie amebaki na penseli yangu."

Niliendelea kutembea. Mkono mmoja ulimshika yeye, mwingine ulikuwa bado unakunja ule mkanda pajani, kushoto, kulia. Tulipofika langoni, ukakatika. Haukutoa sauti. Nilishtukia tu ncha imenichoma kidole.

Nilimketisha Ndunge nyasini. Nikarudi mbio, nikafungua mlango wa darasa bila kubisha.

"Tokeni nje! Nyote! Acheni vitabu!"

Walitoka wakishangilia, wakidhani ni mapumziko. Mwaura alikuja akifoka. Nikamtilia vipande viwili kiganjani. Akavitazama, kisha akainua macho juu.

Mutie hakuwa ametoka. Alikuwa amepiga magoti chini ya dawati, anapapasa sakafu.

"Naitafuta ya Ndunge," alisema.

Juu yake paa lilinyanyuka kidogo, likatua. Nikaingia.