Pete ya Mwatum

Bi Zuweina alifika kituo cha zimamoto akiwa ameushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, kama mtu aliyepewa amana asiyotaka kuiangusha. Mjukuu wake Muntasir, mwenye duka la vitambaa pale Chake Chake, alimtangulia mlangoni na kueleza mambo kwa haraka. Bibi kaumwa na tandu kwenye kidole cha pete. Kidole kimevimba, na kituo cha afya walikokwenda wamempa dawa ya maumivu na kusema pete lazima itoke, lakini chombo cha kuikatia hawana. Wameambiwa waende zimamoto.

Waliokuwa barazani hawakushangaa. Watu hudhani kazi ya zimamoto ni moto tu. Wiki ile ile walikuwa wameshamtoa ng'ombe shimoni, wameondoa nyuki kwenye dari ya msikiti, wamekata mti ulioangukia barabara na wamepeleka maji kwenye skuli iliyokaukiwa na bomba. Sajenti Nyange, dereva wa gari kubwa, alizoea kusema kwamba jambo lolote likikosa wa kulishughulikia kisiwani, huletwa kwao.

Ridha, aliyekuwa zamu ya simu, alinyanyuka kumkaribisha bibi kitini na kuutazama mkono. Bi Zuweina akaurejesha kifuani. Hakuwa na ugomvi naye, alisema kwa upole, ila mkono wake haujashikwa na mwanamume wa kando tangu alipovunja ungo, na hakusudii kuanza leo. Hapo wote wakamgeukia Ummkulthum.

Koplo Ummkulthum ndiye mwanamke pekee wa zamu ile. Kazi yake ilikuwa pampu: kuyafungua maji, kuyapima nguvu, kuyafunga. Aliipenda kazi hiyo alipoianza akiwa msichana, akachekwa mtaani, akazoea. Lakini siku za karibuni alikuwa mzito. Mume wake alifanya kazi Unguja, na yeye alikuwa anafikiri kuomba uhamisho amfuate, akakae ofisini. Hakumwambia mtu sababu ya pili. Sababu ya pili ilikuwa nyuso za watu. Mara nyingi zimamoto hufika moto umeshakula ulichokula, na wanaowapokea huwatazama kwa namna ambayo mtu hurudi nayo nyumbani, akaketi nayo kwenye chakula.

Alimwamkia bibi, akavuta kiti, akamwomba ruhusa ndipo akaushika mkono. Kidole kilikuwa kinene, chekundu kilichoanza kuingia uzambarau, na pete imezama mle hata haionekani vizuri. Ilikuwa pete nyembamba ya dhahabu, ya kawaida, wala haikufanana na bangili nzito alizovaa bibi. Ummkulthum akatoa kwenye mkoba wa huduma ya kwanza kile kidude cha kukatia pete, chenye gurudumu dogo la chuma na mpini wa kuzungushia, kama kifungua kopo.

Bi Zuweina alikitazama. "Ino haikatwi, mwanangu," akasema. "Itoe nzima au iwate."

Muntasir akaanza kumsihi. Akasema sonara ataiunga hata bibi mwenyewe asijue ilikatwa wapi. Ummkulthum, aliyekuwa amewahi kuona watu wakibishania vitu vidogo namna hii, akakiweka kidude pembeni na kuagiza sabuni na uzi mrefu wa kushonea. Ipo njia: uzi hupitishwa chini ya pete, ukazungushwa kidoleni kwa kubana mpaka juu ya kifundo, kisha ukafunguliwa kwa upande wa pili, na pete husogea nao kidogo kidogo. Huuma sana. Bibi aliuma ncha ya mtandio wake na hakutoa sauti. Pete ilisogea upana wa punje ya mchele.

Ndipo simu ikalia. Nyumba inaungua Wawi, ndani kwenye mikarafuu.

Ummkulthum aliutazama mkono uliokuwa mikononi mwake. Bila yeye gari lisingekuwa na wa kusimamia pampu. Akamwambia bibi akubali Ridha aikate pete sasa hivi. Bibi akatikisa kichwa. Ummkulthum akamwambia Muntasir atafute barafu, mkono ukae juu ya kichwa, na kidole kikianza kufa ganzi au kuwa cheusi asisubiri ridhaa ya mtu, ambebe bibi wampeleke hospitali kubwa. Bibi akasema atasubiri papo hapo. Hayo yalisemwa huku Ummkulthum akivaa koti, na kabla hajafunga vifungo Nyange alikuwa keshaliwasha gari.

Wawi si mbali. Lakini waliouona moto walimkimbilia kwanza sheha, mkuu wa mtaa wao, sheha akampigia mtu wa polisi anayemjua, na huyo ndiye aliyewapigia zimamoto. Kisha lami ikaisha, ikaja njia ya udongo, na njia ya udongo nayo ikawa ya miguu, mikarafuu imeibana kushoto na kulia. Nyange aliliingiza gari mpaka vioo vya pembeni vikagonga matawi, akasimama. Palipobaki walivuta mipira kwa mikono, wanakijiji wengine wakiwasaidia na wengine wakiwapigia kelele kwamba wamekuja kuzika.

Nyumba ilikuwa ya mkulima mmoja, Hudhaifa. Moto ulianzia jiko la makuti nyuma, ukarukia paa. Jirani walikuwa wamefanya kazi ya kiume na ya kike: wamemwaga mchanga, wamebomoa banda la kuku ili moto usipate daraja la kuvukia, na nyumba ya pili ilikuwa salama. Watoto walikuwa nje, wote, wamekaa juu ya mkeka wa kuanikia karafuu. Iliyobaki ni nyumba yenyewe, na hiyo ilikuwa imeshakwenda. Ummkulthum alifungua maji, akaona kutoka pale alipo mvuke mweupe ukipanda, akahesabu moyoni kama anavyofanya kila mara kitu gani bado kinaweza kuokolewa. Kilikuwa kidogo.

Nguvu ya maji ilipotulia alimwachia Nyange pampu, akasogea mbele kuwaweka watu mbali. Hudhaifa alimpita kwa kasi akielekea mlangoni. Ummkulthum akamdaka kiunoni kwa mikono miwili. Mwanamume yule alikuwa na nguvu za jembe, akamburura hatua kadhaa, akisema cherehani, cherehani ya mkewe iko chumba cha mbele, anaiona, niwate, naiona. Kweli ilionekana, dirishani, na meza yake. Ummkulthum alichomeka visigino mchangani na hakumwachia. Boriti likashuka, na sehemu ya paa ikalifuata, na dirisha halikuonekana tena.

Hudhaifa aliacha kuvutana naye. Kisha akaigeuza hasira yake kwa aliye karibu.

"Hamkuwahi kutusaidia," akasema, "mmewahi kunizuia."

Ummkulthum angemweleza habari ya simu ya sheha, na ya njia, na yote yangekuwa kweli, na yasingemfaa kitu. Alikaa karibu naye tu mpaka mwanamume yule alipojikalisha chini mwenyewe.

Moto ulipozimwa kazi iliyobaki ilikuwa ya kumwagia magogo maji na kufukua majivu yasije yakawaka tena. Mke wa Hudhaifa, Samah, ambaye muda wote huo alikuwa mkekani na watoto, alimjia Ummkulthum na kumuuliza kama chuma huungua. Ummkulthum akamwambia ubao ndio huungua. Chuma hubaki, ila huenda kikapinda. Samah akafikiri.

"Basi kikipoa nisaidie nikitizame."

Walikwenda wote wawili. Walikiinua kichwa cha cherehani kutoka kwenye majivu, cheusi tii, gurudumu limegoma. Samah alikifuta kwa upindo wa kanga yake, akajaribu kulizungusha gurudumu kwa kidole, likakataa, akajaribu tena. Hakulia. Alikibeba akaenda nacho kwenye mkeka walikokuwa watoto wake, akakiweka katikati yao.

Kituoni walirudi jua limeshapita kichwani. Ummkulthum alikuwa na masizi mpaka kwenye kope, na alitarajia kukuta kiti kitupu. Bi Zuweina alikuwa papo hapo. Mkono aliuegemeza juu ya mgongo wa kiti cha pili, barafu imeshayeyuka kwenye mfuko wa plastiki, na kidole kilikuwa kibaya kuliko mwanzo. Muntasir alisema amembembeleza mpaka sauti imemkauka. Ummkulthum akanawa, akaketi, akakiminya kidole kwenye ncha. Kilikuwa baridi. Akamweleza bibi waziwazi kwamba habari ya uzi imekwisha, na wakichelewa zaidi atakayekata si yeye, ni daktari, na hatakata pete.

Bibi akauliza kwanza, kule walikotoka, kuna mtu aliyeumia? Ummkulthum akamjibu hakuna. Akauliza wameokoa nini. Pengine ni uchovu, pengine ni vile bibi alivyouliza kama mtu anayetaka kujua kweli, Ummkulthum akamhadithia yote, mpaka mikono yake ilivyomshika Hudhaifa, mpaka Samah na kichwa cha cherehani. Hakuwa na mazoea ya kusimulia hivyo.

Bi Zuweina alisikiliza huku akiiangalia pete. Kisha akamwambia Muntasir atoke nje kidogo.

Pete ile, alisema, haikuwa yake. Ilikuwa ya Mwatum, mke mwenziwe. Mumewe alimuoa Mwatum, binti wa mchuma karafuu wa shamba lao wenyewe, naye Zuweina, mtoto wa watu wa majumba, aliona amedhalilishwa. Waliishi nyumba moja miaka mingi wakitumiana watoto kupeleka maneno. Mume akafa, shamba likagawanywa, watu wakapungua mle ndani, wakabaki wao wawili na kuta. Siku moja Zuweina akaugua kichomi, na aliyemkalisha, akamlisha uji, akamfulia, akawa Mwatum. Hawakuwahi kuyazungumza ya nyuma. Walianza tu kula sinia moja. Mwatum alipokuwa anakata roho aliivua pete aliyopewa siku ya ndoa yake, pete ambayo Zuweina aliionea wivu ujana wake wote, akamvisha, akamwambia asiivue.

"Nami nlimuitikia," akasema Bi Zuweina. "Yeye hakuniomba kengine chochote, maisha yake yote."

Ummkulthum hakumwambia kwamba Mwatum angefahamu. Hakumjua Mwatum. Alimuuliza tu kama marehemu alikuwa mtu wa kumtaka mwenziwe apoteze kidole.

Bibi akacheka kidogo kwa pua. Mwatum, alisema, angemtukana. Angesema huyu bibi wa majumba hajapatapo akili hata uzeeni.

"Bismillahi. Kata."

Ummkulthum alipenyeza ulimi wa chuma chini ya dhahabu, akazungusha mpini pole pole, akisimama kila bibi alipofumba macho. Pete ilikatika kwa sauti ndogo isiyosikika barazani. Akaipanua kwa koleo, akaitoa, akaiweka kwenye kiganja kizima cha bibi. Palipokuwa na pete pamebaki mfereji mweupe kuzunguka kidole, na damu ikaanza kurejea, na bibi, ambaye hakutoa sauti muda wote, sasa akatokwa machozi kwa maumivu ya damu ile. Ummkulthum alikiosha kidole, akakifunga, akamwagiza Muntasir amrejeshe kwa daktari siku ile ile.

Siku chache baadaye Muntasir alipita kituoni akawaambia kidole kimepona, na kwamba bibi amekataa katakata pete kupelekwa kwa sonara. Ameivaa vivyo hivyo, na pengo lake. Anasema sasa inaingia na kutoka.

Ijumaa baada ya sala Ummkulthum na Nyange walikwenda Wawi kufundisha watu habari za moto, kama wanavyokwenda skuli na misikitini mara kwa mara. Walidhani hawatapata mtu. Walipata uwanja umejaa, akina mama upande mmoja na wanaume upande mwengine, na Hudhaifa nyuma kabisa, amesimama. Kwenye kiwanja chake kuta mpya za udongo zilikuwa zimeanza kupanda, na majirani ndio waliokuwa wakizipandisha. Ummkulthum alieleza namna ya kuzima mafuta yaliyoshika moto, wapi pa kuliweka jiko, na kwa nini mtu awapigie zimamoto kabla hajamtafuta sheha, akawatajia na nambari ya simu. Sheha mwenyewe alikuwapo, akaitikia.

Alipouliza kama kuna mwenye swali, Hudhaifa alinyoosha mkono.

"Tukikupigieni mwanzo kabisa, mtawahi?"

Nyange alimtazama Ummkulthum, naye akaiangalia ile njia waliyokuja nayo, mikarafuu ilivyoifunika. Hakuwa ameomba uhamisho, wala hakuwa ameacha kuufikiria.

"Pengine," akajibu. "Pengine hatutawahi. Lakini tutakuja."

Hudhaifa alilipima jibu lile. Kisha akaiomba ile nambari ya simu irejewe, taratibu, akainama akaokota kipande cha mkaa, akaenda nacho mpaka kwenye ukuta wake mpya, na Ummkulthum akamsomea tarakimu moja moja huku yeye akiziandika ukutani.