Samadi ya Kitone

Halimah aliingiza mkono kwenye biwi la mboji nyuma ya nyumba, mpaka kwenye kiwiko, akautoa ukiwa baridi. Ndani kulikuwa na maganda ya ndizi, majivu, vichwa vya dagaa na magugu maji aliyoyabeba mwenyewe kutoka ufukweni Masese. Vyote vilikuwa vimekaa vile vile alivyoviweka. Biwi lisilo na samadi halipati joto, na lisipopata joto haliozi, linanuka tu. Kando yake, sukumawiki ilikuwa imegeuka njano kuanzia majani ya chini.

Kabla ya hapo Halimah hakuwa mtu wa bustani. Alianza kulima pale kiwanda kilipompunguzia mumewe Siraj zamu, na mboga za sokoni zikawa kitu cha kufikiriwa mara mbili. Nyumba yao ilikuwa katika zile safu za zamani za wafanyakazi, Walukuba mjini Jinja, ambako kila nyumba ina kipande cha ardhi nyuma, na ardhi yenyewe imelimwa na wapangaji wengi mpaka imebaki mchanga mwekundu.

Alitafuta samadi kila alikojua. Wafuga kuku wa Bugembe walikuwa na wateja wao wenye malori. Machinjioni kijana mmoja alishika koleo akamwambia kwamba hata kinyesi kile kina mwenyewe. Jirani yake Akello, mke wa koplo wa polisi, alimpa mavi ya mbuzi wake wawili yaliyotosha sufuria moja.

"Nenda kijijini kwa mume wako," Akello alimwambia. "Busiu watu wana ng'ombe."

"Wana ng'ombe," Halimah alikubali. Alijifunika leso vizuri ingawa kulikuwa na joto.

Ng'ombe alikuja Jumatano, wakati wanawake wanaanika nguo. Alitokea upande wa barabara kuu ya Mbale, akapita kati ya safu za nyumba bila kugusa shuka la mtu, akasimama mbele ya biwi la Halimah. Alikuwa mwekundu, pembe ya kushoto imeinama kuelekea jicho, na kwenye paji la uso alikuwa na doa jeupe, dogo, kama tone la maziwa. Shingoni kulikuwa na mstari pale kisu kilipopita, umefungana vizuri. Pajani alikuwa na muhuri wa zambarau wa mkaguzi wa nyama. Alikunya mara moja, kwa wingi, juu ya biwi, akamtazama Halimah kwa muda, kisha akarudi alikotoka.

Akello alikuwa na kibanio cha nguo mdomoni. Alikitoa.

"Ng'ombe wa nani huyo?"

"Wa nyumbani kwa mume wangu."

"Si mlisema alichinjwa?"

"Alichinjwa."

Akello aliyaangalia mavi yale, mazito, ya kijani kibichi, yakitoa mvuke. "Amekula majani mazuri," akasema, akaendelea kuanika.

Jina la ng'ombe lilikuwa Kitone. Nambozo, mke wa Umaru, kaka yake Siraj, ndiye aliyemnunua akiwa ndama kwa pesa ya maharagwe yake, akamlea huko Busiu kando ya migomba. Umaru alipofariki, ukoo ulikaa ukaamua kwamba mali ya marehemu ni ya marehemu, na mrithi wake ni Siraj. Baada ya arobaini Siraj alikuja na pikapu. Nambozo alishika kamba ya ng'ombe. Siraj hakumpiga wala hakupaza sauti. Alivifungua vidole vyake kimoja kimoja, kwa upole, huku akimwita shemeji.

Halimah alikuwepo. Alikuwa anasugua sufuria za matanga. Nambozo aligeuka akamwambia, mbele ya watu wote, "Mama Hafsa, wewe unajua huyu ng'ombe ni wa nani. Sema basi."

Sufuria iliyokuwa mikononi mwa Halimah ilikuwa tayari safi. Aliendelea kuisugua.

Kitone aliuzwa siku hiyo hiyo kwa mchinjaji wa Namatala, Mbale, aliyeitwa Marjan, na pikapu ile ile ilirudi Jinja na makochi mapya yaliyofunikwa nailoni. Wageni waliyasifu. Halimah alizoea kukaa kwenye mkeka, na mtu akimuuliza alisema mgongo unamsumbua.

Sasa Kitone alikuja kila siku. Biwi lilichemka. Asubuhi lilifuka kama sufuria ya mihogo, na kabla ya mvua za kwanza lilikuwa limekuwa udongo mweusi, laini, usio na harufu mbaya. Sukumawiki ilitoa majani mapana kama sinia. Mboga za dodo na nakati ziliota hata pale ambapo hazikupandwa. Majirani walianza kuja na mabeseni, na Halimah aliwagawia bila kuwaangalia usoni. Walimshukuru sana. Kila shukrani aliisikia kama mtu anayesomewa mashtaka.

Siraj alimwona ng'ombe mara ya kwanza siku ambayo hakuwa na zamu. Alikuwa amekaa nje akinyoa ndevu. Alimtambua mara moja kwa ile pembe. Alimaliza kunyoa, akaosha wembe, akaigeuza stuli yake ikatazama ukuta.

Wiki hiyo alikwenda Mbale kumwona Marjan.

"Kaka, yule ng'ombe wa Busiu niliyekuletea. Una hakika ulimchinja?"

Marjan alikuwa anapasua mbavu kwa shoka. Alichukizwa kidogo. "Nyama yake iliisha kabla ya adhuhuri. Kichwa alichukua mwenye hoteli, ngozi ikaenda na Wakenya. Kwa nini?"

"Anakuja kwangu."

"Kufanya nini?"

"Anakunya, anaondoka."

Marjan alifikiria kama mtu anayefikiria bei. "Mimi nilinunua nyama, na nyama niliuza. Hicho kingine hakikuwa kwenye mapatano yetu." Alipangusa shoka. "Mjane hajambo?"

Siraj alisema hajambo, na kwa kuwa hakuwa amemwona tangu siku ile ya pikapu, aliaga. Aliporudi Jinja alimwambia Halimah kwamba kuanzia sasa samadi haitolewi bure. Vitu vikitolewa bure, alisema, watu wanauliza vimetoka wapi.

Habari zilisafiri na malori ya ndizi. Madereva waliokuwa wakishusha mikungu katika soko la Jinja walirudi mashariki wakisema kwamba Walukuba kuna mama mwenye samadi ya bei ndogo, na kwamba lori linaporudi tupu linaweza kumbebea mtu gunia bila malipo. Huko Busiu, waliokuwa bado na ng'ombe hawakuuzia mtu, na migomba ya wasio na ng'ombe ilikuwa inatoa vikungu vyembamba, ndizi kama vidole vya mtoto. Ndivyo ilivyotokea kwamba asubuhi moja Nambozo aliteremka kwenye lori sokoni, akaulizia njia ya kwa mama wa samadi, na kila aliyemwonyesha alimsogeza karibu zaidi na nyumba anayoijua.

Halimah alipofungua mlango alimkuta amesimama na gunia tupu, limekunjwa vizuri chini ya kwapa. Alikuwa amekonda. Alipiga magoti kusalimia, kama desturi ya kwao, na Halimah naye akapiga magoti haraka, na kwa muda, wote wawili, walikuwa chini kizingitini, hakuna aliyetaka kuinuka kwanza.

"Sikujua ni hapa," Nambozo alisema. "Waliniambia tu, mama wa samadi."

"Karibu ndani, Mama Yasini."

Mgeni hukaribishwa penye viti. Halimah hakuwa na pengine pa kumweka. Nambozo alikaa ukingoni mwa kochi, akapitisha kiganja juu ya kitambaa.

"Ni mazuri," akasema.

Halimah alisema ataleta chai, akakaa jikoni muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Siraj alikuwa chumbani na mlango wazi nusu. Hakutoka.

Chai ilikuwa haijaisha Kitone alipofika. Nambozo alimwona kupitia dirisha la nyuma. Aliweka kikombe chini, akatoka, akaenda moja kwa moja kumkuna nyuma ya sikio, mahali ambapo inaonekana alizoea kumkuna. Ng'ombe alifumba macho. Nambozo alipitisha kidole kwenye ule mstari wa shingoni, taratibu, kutoka upande mmoja mpaka wa pili.

"Anakuja kila siku?"

"Kila siku," Halimah alisema.

"Kwangu hajafika."

Halimah alitazama miguu yake. Akello, aliyekuwa upande wa pili wa ua, aliingia kwake akafunga mlango bila kelele.

"Kiwele kimejaa," Nambozo alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sauti ya mtu aliye kazini. "Mnamwacha hivi? Anaumia. Nipe beseni."

"Hatukujua kama ana maziwa."

"Kwani hamkumtazama?"

Halimah alileta beseni. Nambozo alichuchumaa, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, karibu na muhuri, akakamua. Maziwa yalitoka ya moto, yenye povu. Alikamua mpaka kiwele kikalegea, akalibeba beseni akaliweka kwenye ngazi ya nyumba, akalifunika kwa jani la mgomba. Hakuonja.

"Bei gani gunia?" akauliza.

Halimah alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, alikuwa nayo tangu siku ya sufuria, na yalimfika mpaka kwenye meno. Sauti ya Siraj ndiyo iliyotoka, kutoka chumbani.

"Shemeji apunguziwe. Ni mtu wa nyumbani."

Nambozo aligeukia dirisha. "Asante, shemeji," akasema.

Alilipa. Wanawake wawili walijaza gunia kwa mikono, kila mmoja upande wake, na vidole vyao viligusana humo ndani ya samadi mara kadhaa. Halimah alisema, kwa sauti ndogo sana, "Mama Yasini, siku ile…"

"Shika hapo," Nambozo alisema. "Nifunge."

Halimah alishika. Walilipandisha gunia kwenye bodaboda, Nambozo akapanda nyuma yake, na pikipiki ikaelekea sokoni, kwenye lori. Kitone alikuwa bado amesimama penye biwi. Hakuifuata. Alipomaliza haja yake aliondoka wakati wake wa kawaida.

Ndipo Siraj alipotoka. Aliinua lile jani la mgomba, akayatazama maziwa.

"Kumbe anatoa na maziwa," akasema.

Kesho yake alirudi na dumu jipya lenye kifuniko cha kubana, akamwambia Halimah ajifunze kukamua. Halimah alijifunza. Kitone alisimama kwa utulivu, akamwachia yote. Dumu lilikwenda kwa mwenye kioski wa kona, na kilichobaki kilipikwa chai ya jioni, chai ya maziwa matupu, ambayo nyumba ile haikuwa imeijua tangu zamu zipunguzwe.

Binti yao Hafsa alimimina. Halimah alikuwa kwenye mkeka. Hakugusa kikombe.

"Kunywa, Mama Hafsa," Siraj alisema kutoka kwenye kochi. "Ni halali. Alichinjwa kwa bismillahi."

Nje Akello alikuwa akiita mbuzi wake. Halimah alikichukua kikombe kwa mikono miwili, akapuliza, akanywa. Ilikuwa nzuri kuliko chai yoyote aliyowahi kunywa. Uso wote ulimwaka moto mpaka masikioni. Alipomaliza alimnyooshea binti yake kikombe, bila kuinua macho, aongezewe.