Mvinyo wa Chumba cha Boila

Sikuiba. Naanza na hilo kwa sababu wapo wanaopenda kuanza na mengine. Mwaka wa themanini na mbili nilikuwa mpishi wa hoteli moja huko juu, ukingoni mwa Kreta, lile bonde la wanyama, na nilikuwa nimepika pale miaka tisa bila kutoka na hata chumvi ya jikoni. Na mwaka ule mnaukumbuka. Sabuni haionekani, sukari kwa foleni, unga wa ngano tunausikia redioni tu. Mwenye tamaa asingekosa pa kuanzia.

Mgeni mwenyewe aliyeleta kisa hiki aliitwa Vogt, Mjerumani. Zamani aliwahi kuwa fundi wa magari misheni, upande wa Mbulu, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha gereji. Shika, kaza, legeza, ngoja kwanza. Kwao wana shamba la mizabibu walilorithi kwa babu, liko kwenye mteremko mkali juu ya mto, mkali kuliko ile ya Rhotia tunayolimia mahindi, na mvinyo wanautengeneza wenyewe palepale. Sasa alitaka hoteli za huku ziuchukue. Akaomba afanye chakula cha mchana kwetu, aalike mameneja kumi kutoka Arusha, wanywe kila mvinyo na chakula chake.

Makreti manne yalitangulia kwa lori wiki mbili kabla, na karatasi ya maelekezo juu yake. Mvinyo mkavu, yaani usio na utamu, uende na samaki wa mtoni. Wenye utamu kidogo, na nyama ya nguruwe ya moshi. Mwekundu mwepesi, na jibini. Ule mtamu kabisa, wa zabibu zilizoachwa mtini mpaka zikasinyaa, na keki ya matofaa. Nilisoma nikacheka mpaka Patrisi, mhudumu wetu wa mezani, akaja kuuliza kuna nini. Samaki wa mtoni, ukingoni mwa Kreta, mwaka wa themanini na mbili.

Inosenti, meneja wetu, hakucheka. Huyu ni mtoto wa Rhotia. Mama yake, Bibi Bernadina, namfahamu vizuri, na nimekula kwake mara nyingi. Lakini Inosenti akishavaa tai anakuwa kama ameshushwa na ndege.

"Tutafuata karatasi," akasema. "Stoo kuna makopo ya samaki."

"Meneja, nionjeshe kidogo kila mmoja. Siwezi kupikia kitu nisichojua ladha yake."

"Mama Lusia, mpishi hanywi mvinyo wa mgeni. Nikiuacha huku jikoni mtaumaliza."

Mtaumaliza. Mimi niliyekuwa nikimpimia yeye mwenyewe sukari yake ya chai ili ifike mwisho wa mwezi. Niliumia. Akayabeba makreti akayafungia chumba cha boila, kule nyuma ambako maji ya kuogea wageni yanachemshwa. Kuni zinachochewa kwa nje, hakuna haja ya kuingia, kwa hiyo chumba kile kina kufuli na ufunguo mmoja tu. Ufunguo akaufunga kiunoni, na siku zote kumi na nne ukawa unalia kila anapopita.

Siku ya wageni ikafika. Vogt akaja na gari lake, na nyuma ya gari kulikuwa na makreti mengine mawili. Inosenti akatoa chupa za boila, akazipoza kwenye ndoo za maji, na mimi nikapanga wale samaki wa kopo kwenye sahani nzuri huku roho inaniuma. Pembeni nilikuwa na mbuzi mzima, mnono, aliyekwisha chinjwa, ambaye Lengai, mlinzi wa getini, alimleta kutoka kwao Kakesio. Huyo hakuwa kwenye karatasi.

Patrisi alikuwa na sahani mikono yote miwili. Chupa nikashika mimi.

Sasa nieleze jambo moja. Kwetu Endamarariek, na Rhotia vilevile, anayempa mtu kinywaji hukionja kwanza mbele yake. Iwe pombe, iwe maziwa, iwe togwa. Ndipo anayepewa ajue kimetoka kwa moyo safi na ndani hakuna kitu. Ukimpa mtu bila kuonja, kuna neno umemwambia, kwamba moyo wako kwake si safi, na waliokaa wote wamelisikia. Hata chai ya saa nne ya wafanyakazi, kila kikombe nilichotoa nilikipiga fundo dogo kwanza. Ndivyo mkono wangu ulivyozoea. Basi nikasimama mbele ya wale mameneja kumi, nikamimina kidogo kwenye glasi, nikanywa.

Ulikuwa umeharibika. Sihitaji kusoma Ujerumani kujua hilo. Ulikuwa na ladha ya tunda lililochemshwa likasahaulika jikoni, na uchachu wa siki nyuma yake.

"Huu umekufa," nikamwambia Vogt. "Usiwape watu."

Inosenti alininyang'anya glasi. Vogt akaichukua mkononi mwake, akanusa, akaonja, uso ukambadilika. Akafungua chupa ya pili, ya tatu. Zote vilevile.

"Nani ameweka? Wapi?" akauliza.

Na hapo ndipo Inosenti, mtoto wa Bibi Bernadina, aliponigeukia mbele ya watu wote. "Mnisamehe, wageni. Huyu mama ni mwizi. Mmeona wenyewe anavyokunywa bila aibu. Atakuwa amekunywa zile chupa akajazia maji."

Nilihisi masikio yanawaka. Yeye anajua kwa nini nilionja. Mama yake anaonja mpaka leo. Angekuwa mgeni wa huku ningesema hajui, lakini alijua, akajifanya hajui, ili wale wenye tai wenzake wasimwone ametoka wapi.

"Ufunguo uko kiunoni mwako," nikasema. "Chumba cha boila hakuna aliyeingia ila wewe."

Vogt aliposikia boila alisimama. Akaenda nyuma, nikamfuata. Akaweka kiganja kwenye ukuta wa kile chumba, akakiondoa haraka. Alirudi garini kwake, akashusha makreti mawili yaliyobaki, akayaleta jikoni, akafungua chupa moja ya kila aina akaziweka mbele yangu.

"Mama, onja," akasema. "Halafu sema chakula."

Nikaonja. Mkavu ulikuwa mkali, safi, unasafisha ulimi, nikamwambia huu unataka mafuta, weka mbavu za mbuzi. Wenye utamu kidogo nikauwekea maini ya kukaanga na pilipili nyingi, kwa sababu utamu ule unapoza moto wa pilipili. Mwekundu haukuwa na nguvu, ukaenda na makande ya maharage mekundu. Ule mtamu kabisa niliuonja mara mbili, siwafichi. Nikauwekea ndizi mbivu za kukaanga na mtindi mzito usiotiwa sukari. Samaki wa kopo tuliwala sisi jioni.

Wageni walikula wakalamba vidole. Waliposimama kuondoka walimpa mkono Inosenti, wakamsifu kwa ubunifu wake, naye akapokea sifa zote. Vogt peke yake ndiye aliyekuja jikoni kunishukuru. Lakini lile neno mwizi hakuna aliyeliokota pale lilipoangushwa.

Na halikuishia hapo. Jioni natoka getini, Lengai akanisimamisha. Alikuwa anaangalia chini.

"Mama Lusia, meneja amesema nipekue kikapu chako. Kila siku."

Ndani kulikuwa na kitenge na rozari. Miaka tisa, nimefika kupekuliwa na mtu ninayempikia ugali. Nililia njia nzima.

Kesho yake Inosenti aliniita stoo, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini kwamba yamepita na nisiweke moyoni. Nikamwuliza, "Ulinitukana stoo?" Akasema hapana. Nikamwambia basi na radhi yako usiniombee stoo. Akakasirika akatoka. Siku tatu nilipekuliwa.

Siku ya nne, saa nne, wafanyakazi wote wako jikoni na vikombe vyao. Inosenti akaingia anachekacheka, kana kwamba hakuna kitu, akasema na yeye apewe chai. Nikachukua kikombe, nikajaza, nikampa.

Sikuonja.

Patrisi aliacha kutafuna. Lengai akaweka kikombe chake chini. Inosenti alikuwa amekifikisha kinywani, akasita, akakishusha.

"Hujaonja," akasema.

"Nitaonjaje, Meneja? Mimi si ndiye mwizi? Nikionja cha mtu utasema nimeiba."

Kukiweka mezani akaondoka angeweza, lakini nusu ya wale watu ni wa Rhotia, na Jumapili hawakosi kanisani. Habari kwamba Inosenti amepewa kinywaji kisichoonjwa, mbele ya watu, ingemfikia mama yake kabla ya misa kwisha. Akabaki amekishika, na mvuke ukaendelea kupungua.

"Mama Lusia hakuiba," akasema mwishowe, akiangalia chai. "Makreti niliyafungia boila mimi. Yakaharibika. Nikamsingizia."

"Sauti," nikasema. "Siku ile ulisema kwa sauti."

Akarudia, kwa sauti.

"Na kikapu changu?"

"Lengai, usimpekue tena."

Nikamnyooshea mkono, akanipa kikombe. Nikapiga fundo moja, polepole, kila mtu anaona, nikamrudishia.

"Kunywa, baba," nikamwambia. "Imepoa, lakini hilo umelitaka mwenyewe."