Milango Isiyolipiwa

Asubuhi moja mjini Jimma, Momina alikuwa akipiga randa ubao mpana pale karakanani kwake. Mwanamume aliyejifunga taulo akatoka ndani ya banda la mbao, povu la sabuni limemjaa masikioni. Akasalimia, akauliza maji yako wapi.

"Ndoo iko pale ukutani, kaka. Umetoka hotelini kwa Obbo Shiferaw?"

"Ndiyo. Maji yamekatika nikiwa naoga, nikafungua mlango nimwite mhudumu."

"Haya, suuza kichwa. Kahawa inachemka."

Temam, mumewe Momina, akamwazima mgeni suruali, wakamtafutia bajaji ya kumrudisha.

Mambo yalikuwa hivyo tangu juma lililotangulia. Momina ndiye aliyechonga milango yote ya ile hoteli mpya iliyo upande wa pili wa mji. Shiferaw, mwenye hoteli, ambaye watu walimwita Obbo, yaani Bwana, alitoa malipo ya awali, akaipokea milango, akaisifu mbele ya wageni siku ya ufunguzi. Alipokumbushwa salio, akasema mbao zilikuwa mbichi. Momina akazidi kumpigia simu, naye akamwambia, "Ukinisumbua tena nakushtaki." Kuanzia kesho yake, kila aliyefungua mlango ili atoke chumbani alijikuta anatokea kwenye lile banda, karakanani kwa Momina. Kuingia chumbani hakukuwa na shida yoyote.

Alhamisi, aliyetoka bandani alikuwa Wakili Dereje, amevaa suti, ana bahasha mkononi. Akapangusa vumbi la mbao mabegani.

"Nilikuwa natoka ofisini kwa Obbo Shiferaw," alisema. "Nilipanga kuja kwako kesho."

"Basi umeokoa nauli. Kaa."

Hakukaa. Alisoma akiwa amesimama: Momina anawavuta wateja wa watu kwa nia mbaya, na hoteli inapata hasara. Asaini kwamba milango ni mibovu na kwamba hadai kitu. Asiposaini, watakutana mahakamani, na karakana inaweza kupigwa mnada.

Temam akaweka msasa chini. "Tusaini, Momina. Wenzetu wana pesa, sisi tuna randa. Karakana ya marehemu baba yako itauzwa hivi hivi tunaona."

"Baba angekusikia, hiyo randa angekupitishia mgongoni." Momina akamgeukia wakili. "Milango yangu ni mibovu?"

"Ndivyo anavyosema mteja wangu."

"Mwambie aing'oe aje aitupe hapa uani. Naipokea yote, leo hii."

Wakili akakohoa. Shiferaw alikwisha kuing'oa mara moja akatundika mapazia, wageni wakagoma kulala, akairudisha. Na katika Jimma nzima hakupatikana fundi wa kumtengenezea mingine. Kila aliyeitwa aliuliza kama Momina ameshalipwa, kisha akaaga.

"Haiwezekani kuing'oa," wakili alisema.

"Kumbe! Kulala nyuma yake ni mizuri, kuilipia ndiyo mibovu."

"Dada yangu, mahakamani hawaangalii ulimi."

"Twende huko huko. Njoo na mlango mmoja, tuusimamishe mbele ya hakimu. Aupapase mwenyewe aseme kama mbao ni mbichi. Halafu aufungue."

Wakili aliikunja ile karatasi taratibu, akairudisha kwenye bahasha. Akaomba kahawa.

Alipoondoka, Temam aliona mkewe anapiga randa ubao uliokwisha kulainika.

"Unaogopa?"

"Naogopa sana. Lakini nikisaini leo, kesho kila mwenye hoteli atajua kwamba mimi nalipwa kwa vitisho, si kwa pesa."

Shiferaw hakushtaki, wala hakulipa. Alinunua bajaji yake mwenyewe, akaiegesha nje ya karakana, na nauli akaiongeza kwenye bei ya chumba. Vitisho havikukoma. Vililetwa na Wakili Dereje, ambaye sasa alijua vikombe vinawekwa wapi na alijimiminia mwenyewe.

Mvua zilipokwisha, hakimu wa wilaya alikuja kwenye harusi ya mpwa wake akalala katika hoteli ile. Asubuhi akatokea bandani amevaa soksi bila viatu. Momina alimpa kigoda, akamsimulia yote huku akikaanga kahawa. Hakimu alisikiliza hadi mwisho, akamaliza kikombe chake. Kisha akapitisha kiganja kwenye mlango mpya ulioegemezwa ukutani.

"Kazi safi," akasema.

"Basi niamulie, mheshimiwa."

"Siwezi, mama. Kesi haijafika mezani kwangu."

Nje bajaji ikapiga honi. Hakimu akanyanyuka, akauliza kahawa ni bei gani.

"Wengine wanakunywa bure," Momina alisema. "Wewe utalipa birr ishirini. Nataka walau mtu mmoja kutoka hoteli ile anilipe."

Hakimu akatoa noti ya hamsini, akasimama kungoja chenji. Momina akamhesabia yote mkononi.

"Na umfikishie Obbo Shiferaw salamu zangu," akamwambia. "Milango aendelee kuifungua, lakini bado ni yangu."

Akaokota randa, akarudi kwenye ubao wake.