Piko Kabla ya Usaili

Watu wa mtaani kwetu Kuze walipoambiwa kwamba dadangu Fadhiya ataka kuwa afisa wa jeshi, walicheka. Waliocheka nawajua mmoja mmoja, mlango kwa mlango, na sijawasahau.

Tulikimbia miezi saba. Baada ya swala ya alfajiri, Fadhiya alivaa buibui juu ya suruali ya mazoezi, tukapita vichochoroni taratibu kama waendao sokoni. Tukifika barabara ya Mama Ngina, ufuoni, alilivua, akanirushia, akaondoka mbio. Nami nikamfuata na buibui kwapani, hatua mia nyuma yake. Sioni aibu kusema kwamba sikuwahi kumpita hata siku moja.

Aliyemfunza ni Mzee Dishon, sajenti mstaafu, mtu wa bara anayekaa Majengo na kufanya kazi bandarini. Alitungoja kando ya bahari na saa mkononi.

"Wewe Mzamil, umegeuka kamba ya kuanikia nguo?" alinitania. "Dada yako atakuwa anapigiwa saluti, na wewe bado umembebea buibui."

Ijumaa kabla ya usaili, binamu yetu Tumu aliolewa. Kwetu bibi harusi hachorwi peke yake. Wasichana walio karibu naye huchorwa pia. Shangazi Maisara, ambaye hakuna mkono uushindao wake Mji wa Kale mzima, alimchora Fadhiya maua ya piko kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Piko ni rangi ya kujipambia, nyeusi tititi, na hukaa ngozini wiki mbili. Tulimsifu sote, na hakuna aliyefikiria zaidi ya hapo.

Jumamosi asubuhi Fadhiya alikunja mkono wa shati. Mzee Dishon akaacha kutazama saa.

"Hii ni nini?"

"Piko, Mzee. Ya harusi."

"Nani anajua piko huko? Wataona tatuu! Mwenye tatuu anarudishwa nyumbani kwenye meza ya kwanza tu, hata akiwa anakimbia kama paa."

Usaili ulikuwa Jumatatu. Miezi saba ilikuwa yapotea kwa sababu ya maua.

Nyumbani, Shangazi Maisara alikaa chini sakafuni, mikono kichwani. "Mimi ndiye niliyemponza mtoto huyu. Kwa mkono wangu huu!"

Tulileta ndimu, chumvi na dodoki. Fadhiya alisugua mpaka ngozi ikawa nyekundu, lakini maua yalibaki pale pale.

"Vaa mikono mirefu," nikamwambia. "Na wakiona, sema ni alama ya kuungua."

Hakuinua macho. "Mzamil, wataka nianze uafisa kwa urongo?"

"Na wewe wataka kurudi hapa uchekwe?"

"Wakinirudisha, nitarudi. Mkono wangu siufichi."

Jumatatu nilimngoja nje ya lango la kambi, nimefura kwa hasira, nikiwa tayari kugombana na yeyote. Yaliyotokea ndani alitusimulia baadaye.

Daktari wa jeshi, mama mmoja mwenye cheo cha meja, aliutazama mkono mara moja tu. "Tatuu. Simama kando."

"Si tatuu, Afande. Ni piko ya harusi. Itatoka."

"Kila anayekuja hapa ana hadithi yake."

"Basi usiniamini, Afande. Piga picha mkono huu leo. Usaili waisha Jumatano. Niweke mwisho kabisa. Tatuu haipungui kwa siku mbili. Ikiwa hii haitapungua, sitangoja kufukuzwa."

Meja alimwambia anyooshe mkono. Kisha akapiga picha, na jina la Fadhiya likahamia mwisho wa orodha.

Siku mbili hizo Shangazi Maisara hakutoka nyumbani kwetu. Alichemsha maji, akakamua ndimu, akaisugua kazi yake mwenyewe, ua moja baada ya jingine.

"Yauma, mwanangu?"

"Sugua, Shangazi."

"Ngozi yatoka!"

"Itaota nyingine. Sugua."

Jumatano maua yalikuwa yamefifia, yamebaki kama madoa ya chai kwenye kitambaa. Meja aliweka picha kando ya mkono, akatazama huku na huku, akapitisha kidole gumba juu ya ngozi iliyochubuka.

"Umejiumiza."

"Ndiyo, Afande."

"Kukimbia unaweza?"

"Sikimbii kwa mkono, Afande."

Siku hiyo, katika wasichana wote waliokimbia, hakuna aliyeuona uso wake njiani. Waliuona mgongo.

Baada ya miaka mitatu tulisafiri kwenda kwenye gwaride lake la kufuzu: mama, Shangazi Maisara, Mzee Dishon na nishani zake kifuani, na mimi na koti jipya. Makadeti walipita safu kwa safu, kofia moja, hatua moja, na mama akaanza kulia.

"Nimemzaa mwenyewe na simjui ni yupi!"

"Ndivyo inavyotakiwa, mama," Mzee Dishon akamwambia, naye macho yake hayakuwa makavu.

Gwaride lilipokwisha, kila afisa mpya aliruhusiwa kuita watu wawili wa kumvisha nyota mabegani. Mama alikuwa wa kwanza. Nikafunga vifungo vya koti, nikavuta pumzi, nikajitayarisha kwa bega la pili.

Fadhiya akanipita.

"Shangazi, njoo."

"Mimi? Baada ya yale niliyokufanyia?"

"Hili ni lako, Shangazi. Wengine wangoja."

Mikono ile isiyotikisika inapochora jani jembamba kama uzi ilianza kutetemeka. Nyota iliteleza mara ya kwanza, ikateleza mara ya pili. Watu wakageuka kututazama. Fadhiya hakusogea wala hakuinua mkono kumsaidia. Afisa mzima, alisimama wima, macho mbele, akimngoja shangazi yake amalize.