Mistari Thelathini na Mmoja

Verlin Tregear alikuwa na dharau moja iliyojulikana mji mzima wa Carbis: hakuwa na hamu na watu wanaoandika kwa programu zenye vitufe vya rangi rangi. Yeye kila kitu, barua, orodha ya dukani, hata malalamiko yake kwa baraza la mji, alikiandika katika faili tupu la maandishi, herufi na nafasi basi, halafu akalinyoosha kwa amri alizozichapa katika dirisha jeusi. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa mwangalizi wa kompyuta za chuo kilicho ng'ambo ya daraja, na alipostaafu aliondoka na amri zake kichwani. Zilikuwa amri fupi fupi, za herufi tatu nne. Ungemuuliza, angekwambia hazijawahi kumwangusha. Ungemuuliza kabla ya Ijumaa ile, yaani.

Ijumaa hiyo ilikuwa ya mwezi wa Mei, mabaki ya theluji yangali yamelala machafu nyuma ya gereji. Verlin alikaa jikoni na kahawa yake, akafungua faili la majina ya wachimba shaba waliokufa katika moto wa mgodi wa Carbis mwaka 1919. Jiwe la ukumbusho lilikuwa limeshang'arishwa, na Jumatatu fundi angeanza kuchonga. Alitaka tu kuyatupia jicho majina kabla ya kuyapeleka, na alichokiona hakukielewa.

Mstari wa kwanza ulisomeka "Carbis 1919 Antti Hakala". Wa pili ulisema "Matti Wirtanen Domenico", ukaishia hapo, na Gallo, ambalo lilikuwa jina la ukoo la huyo Domenico, lilikuwa limesukumwa mwanzoni mwa mstari wa tatu pamoja na watu wengine wasiomhusu. Ilikuwa hivyo mpaka chini. Mistari ilikuwa na urefu wa kupendeza, yote inakaribiana, lakini mtu alianzia huku akamalizikia kule, na katikati wakapita wengine.

Alifunga faili, akalifungua tena. Akabadilisha miwani. Akaizima kompyuta, akaenda kusimama dirishani muda wa kutosha mashine kupata aibu, akarudi na kuiwasha. Majina yalikuwa vilevile. Ndipo akaiambia mashine imwonyeshe amri zote alizochapa wiki ile, na Jumanne, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, akajikuta.

Jumanne hiyo Kaisa Lahti, mwenyekiti wa kamati ya ukumbusho, alikuwa amempigia simu. Armas Niemi, mchonga mawe, hakutaka mstari wowote uzidi herufi ishirini na nane.

"Mwambie nimeshamaliza," Verlin alimjibu, simu ameibana kwa bega.

"Umeshamaliza saa ngapi? Ndiyo kwanza nakwambia."

"Kaisa, hii ni kazi ya kufumba jicho. We endelea na maua yako."

"Na huangalii?"

"Niangalie nini? Nimeanza kuchapa hizi amri wewe una nywele nyeusi."

Sasa, kuna amri inayoitwa fold. Hiyo hukata mstari uliozidi na kuuacha ulio mfupi ukae kwa amani. Kuna nyingine inayoitwa fmt, iliyotengenezwa kwa ajili ya aya za barua na makala: huikusanya mistari mifupi, ikaiunganisha yote kuwa kitu kimoja, kisha ikaikata upya kwa kipimo ulichoipa. Aya huipendezesha. Orodha huivuruga. Verlin alilijua hilo kuliko anavyoijua namba ya nyumba yake, maana ndilo alilokuwa akiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Na Jumanne vidole vyake vilichapa fmt. Kisha alilichukua faili jipya akaliweka juu ya la zamani, na la zamani likaenda zake.

Usiniulize nakala ya akiba. Alikuwa nayo moja, iliyojifanya upya kila siku, kwa hiyo kufikia Jumatano na yenyewe ilikuwa imeharibika kwa uaminifu mkubwa. Zaidi ya moja hakutaka. Nakala mbili, alizoea kusema, ni kweli mbili, na kweli ni moja. Alimsemea hivyo Eunice Trembath pia, siku Eunice alipomletea faili hilo, na Eunice akafuta la kwake palepale, kwa sababu alimwamini.

Eunice alikuwa mkutubi wa mji. Majina yale aliyatafuta kwa miaka kumi na mmoja, kwa sababu wale watu hawakutolewa chini. Shimo lilizibwa kuuzima moto, na hakuna kanisa lililowazika wala kuwaandika. Alifariki Februari. Maboksi ya karatasi zake alirithi mpwa wake wa Arizona, aliyekuja kwa siku mbili, akaona maboksi, akaita lori la taka. Kilichobaki ni faili la Verlin na kikaratasi cha njano alichokibandika Eunice ubavuni mwa kompyuta yake: "Verlin, mistari 31. Yatunze."

Akajipa moyo. Majina ni majina, alijiambia, atayatenganisha kwa mkono, Jumatatu hakuna atakayejua kitu.

Wafini hawakumsumbua. Hakala ni ukoo, Antti ni jina la mtu, hata kipofu anaona. Waitaliano nao walijitenga wenyewe. Saa sita mchana alikuwa na watu ishirini na wanane, kila mmoja na mstari wake, na kiburi kilianza kurudi. Halafu akafika kwa Wakornwall, wahamiaji wa kutoka Uingereza na watu wa asili yake mwenyewe, ambao kwa sababu wanazozijua wao huwapa watu majina ya ukoo yanayofanana na majina ya kubatizwa. Maneno sita yalibaki, yamefuatana:

William John Henry James Thomas Harris.

Aliyasoma kwa sauti. William John, Henry James, Thomas Harris: watu watatu. Sawa kabisa. Akayasoma tena. William John Henry, James Thomas Harris: watu wawili. Nayo sawa kabisa. Alimega pai yake ya nyama na viazi, akasahau kuitafuna.

Akakumbuka kikaratasi. Mistari thelathini na mmoja! Ishirini na wanane na watatu ni thelathini na mmoja, kwisha kazi. Alikuwa ameshaanza kuchapa alipokumbuka kichwa cha orodha. "Carbis 1919" nacho kilikuwa mstari. Ikiwa Eunice aliihesabu mistari kwa mashine, kama yeye Verlin alivyomfundisha, basi mashine ilihesabu na kichwa, na watu walikuwa thelathini. Ikiwa alihesabu kwa kalamu, jina kwa jina, walikuwa thelathini na mmoja. Eunice alikuwa mwanafunzi mzuri. Eunice pia alikuwa mbishi. Verlin alikaa mbele ya yale maneno sita akishika tama, na kadiri alivyoyatazama ndivyo watu walivyoungana na kuachana mbele ya macho yake, watatu, wawili, watatu, mpaka hakujua tena hata neno Henry ni la namna gani.

Jioni alivaa koti akaenda nyumba ya wazee kumwona Myrtle Henry, mwenye miaka tisini na mmoja, wa mwisho wa ukoo huo pale mjini. Alimkuta anapanga karata peke yake.

"Bibi Myrtle, babu yako aliitwa nani?"

"Jack. Umekuja kuniuliza hayo na viatu vya matope?"

"Jack ni la mtaani. La kuandikwa?"

"John nadhani. Au William. Wanaume wa kwetu wote walikuwa William, ukiita mlangoni wanatoka sita." Akaweka karata. "Alifia mgodini, hilo najua."

"Mgodi wa hapa?"

"Bibi hakusema. Ukiutaja mgodi alitoka chumbani. Sisi tukajifunza kutoutaja." Alimtazama Verlin kwa mara ya kwanza. "Kwa nini? Yumo kwenye jiwe lenu?"

Verlin alifungua mdomo. Angeweza kusema ndiyo, na kikongwe angelala na furaha. Angeweza kusema hapana. "Sijui, Bibi," alisema.

"Hujui, na wewe ndiye unayeandika?"

Alirudi nyumbani na swali hilo, na Jumamosi akaamka nalo. Alijaribu kuamua. Akiandika wawili na walikuwa watatu, atakuwa amemfukia mtu mara ya pili, safari hii yeye mwenyewe na kwa mkono wake. Akiandika watatu na walikuwa wawili, atakuwa amewakatakata watu wa kweli na kuwashona kuwa watu ambao hawakupata kuzaliwa, na babu wa Myrtle, kama ni yeye, hatakuwepo popote. Aliona aibu, aibu ya kuunguza uso, na hakuwa na wa kumlaumu. Mashine ilifanya hasa ilichoambiwa.

Alipiga moyo konde akaenda kwenye banda la Armas. Kaisa alikuwa hukohuko, anapima jiwe kwa utepe kana kwamba lingepungua. Verlin alisimama mlangoni na kofia mkononi, akayasema yote: simu, amri, faili, kikaratasi cha njano, Myrtle. Armas alikuna ndevu.

"Ngoja nikuelewe," alisema Kaisa. "Eunice kakuachia kazi ya miaka kumi na mmoja, wewe umeivuruga ukiongea na simu."

"Ndiyo."

"Na nilikuuliza kama huangalii."

"Uliniuliza."

"Kwa hiyo umetuulia mtu, au umetuzalia mtu, na hata hujui ni lipi."

"Ndiyo, Kaisa. Hilo ndilo nisilolijua."

Kaisa aliuviringisha utepe wake, akaufungua, akauviringisha tena. Ilikuwa wazi kwamba alikuwa na mengine ya kusema na kwamba alikuwa anayachagua. "Tuahirishe," alisema mwishowe.

"Tuahirishe mpaka lini?" aliuliza Armas. "Eunice atafufuka Agosti? Watu wameshanunua tiketi, wengine wanatoka Nevada. Nipe mistari, mimi nachonga. Nikishachonga, sina kitufe cha kufuta."

"Piga kura basi. Wawili au watatu."

"Hao si madiwani, Kaisa," Verlin alisema. Alikuwa amelitoa faili mfukoni, limechapwa kwenye karatasi, lile lililovurugika, na alikuwa analitazama kwa mara ya mia. Hakuwa na wazo lolote zuri. Alikuwa amechoka tu kukata. "Armas, lazima uchonge kwa mistari ya majina?"

"Kila mtu huchongesha hivyo."

"Ukichonga mfululizo? Jina baada ya jina, upana wote wa jiwe, bila mkato wala nukta. Mahali jiwe linapoisha ndipo unateremka."

"Kama aya ya kitabu?"

"Kama aya. Hatumkati mtu yeyote. Kila neno aliloandika Eunice litakuwemo, kwa mpangilio wake."

"Itaonekana kama tumevurugikiwa," alisema Kaisa.

"Tumevurugikiwa," alisema Verlin. "Mimi nimevurugikiwa. Na msomaji akiniuliza wako wangapi, nitamwambia sijui, na kwa nini sijui. Nitasimama palepale kwenye jiwe nimwambie."

Armas aliichukua karatasi, akaiweka juu ya jiwe, akapitisha kiganja kutoka pembe hadi pembe. "Inachongeka," alisema. Kaisa hakusema ndiyo. Alisema kwamba Verlin atatimiza ahadi yake ya kusimama, mvua inyeshe isinyeshe, kisha akatoka bila kuaga.

Walilisimamisha jiwe mwezi Juni, mbu wakiwa wamekwisha fika. Verlin alisimama kando yake amevaa suti ya mazishi, akamweleza kila aliyekuja kosa lake mwenyewe, tangu simu mpaka kikaratasi. Wengine walimwonea huruma. Mmoja alimwambia usoni kwamba yeye ni mtu mzima hovyo. Jamaa za Wafini waliwapata watu wao, wakawagusa, wakaenda kunywa kahawa.

Myrtle Henry aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Alisikiliza maelezo yote huku ametazama jiwe, akaomba asogezwe, na bila kumuuliza mtu akaweka kidole kwenye William. Akakipitisha polepole kwenye John. Akafika Henry, akatulia hapo, kidole ndani ya herufi.

Mwanamume mmoja mnene kutoka Nevada, aliyejitambulisha kwa jina la Curtis James, alikuwa amesimama nyuma yake akisubiri zamu. Alisubiri sana. Mwishowe aliinama, akasema samahani mama, akanyoosha mkono juu ya bega la yule kikongwe. Alikuwa anamtafuta babu wa baba yake, na jina la huyo babu, Henry James, lilianzia pale pale.

Myrtle hakuondoa kidole. Curtis naye hakuwa na pengine pa kuanzia. Verlin aliviona vidole viwili vimebanana juu ya Henry mmoja, kimoja kikimaliza naye, kingine kikianza naye, na moyo ukamuuma vibaya sana, kwa sababu mmoja wa hao wawili alikuwa anamgusa mtu asiyekuwepo, na yeye Verlin ndiye aliyewanyang'anya njia ya kujua.

"Huyu ni wako?" Curtis aliuliza.

"Ndiyo," alisema Myrtle. "Na wako?"

"Ndiyo, mama."

Myrtle alisogeza kidole chake kidogo, kwa upana wa herufi moja, ampishe.